Kushika na Kuachia: Historia Fupi ya Tepu ya Kupigia Rangi, kutoka St. Paul hadi Sherikat

Utangulizi

Mwezi Machi mwaka 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto, kwani ilitarajiwa kwamba nyuzi zingefika 45. Wadogo zangu walikuwa nyumbani siku hizo. Tunaishi Sherikat, ng'ambo ya mashariki ya Nile, pale ambapo barabara ya Nimule inaanza kuuacha mji wa Juba. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nikiwa na modeli ndogo ya lori mkononi, niliyoiunda kwa bati la makopo ya mafuta ya kula. Nilikuwa nimebandika tepu ubavuni ili nipige mstari mwekundu, na tepu hiyo ilikuwa imekaa pale tangu siku iliyotangulia, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa juani. Nilipoivuta, ilitoka pamoja na rangi ya buluu, ukanda mzima, hadi bati likaonekana.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Lakini lori nililokuwa nikiliunda ni lile aliloliendesha marehemu baba, Fuso lililobeba saruji na unga kutoka Nimule kuja Juba. Vita vilipoanza Desemba 2013, mama alituchukua sisi watoto hadi kambi ya Kakuma, Kenya, naye baba akabaki na kazi yake. Lori halikuwa lake. Baada ya yeye kufariki, mwenyewe aliliuza, nasi hatuna hata picha moja yake. Chanzo changu kikuu kilikuwa kumbukumbu ya mama. Rangi ile ya buluu niliichanganya mara nne. Mara tatu mama alitikisa kichwa. Mara ya nne alisimama mlangoni, akaitazama kwa muda, akasema, "Hiyo ndiyo." Niliipata kutokana na masalio ya mikebe ya mjomba wangu, ambaye ni fundi wa kupuliza rangi za magari, na ilikuwa imebaki kidogo sana.

Mjomba alipoiona modeli hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, tepu hii ilitengenezwa kwa kazi gani?" Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu. Inachunguza historia ya tepu ya karatasi ambayo mafundi wa Afrika Mashariki huiita maskingi tepu, na inaonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kumsaidia mtu anayepaka rangi modeli ndogo kuchagua tepu inayofaa. Hoja yangu ni kwamba tepu hii ilizaliwa kwa sababu zile zilizokuwapo zilishika mno, na kwamba hatua kubwa za historia yake zilitokana na malalamiko au maombi ya watu wanaoitumia. Nimetumia habari zinazojulikana kuhusu viwanda vilivyohusika, masimulizi ya mjomba, na majaribio yangu mwenyewe.

Gari jeusi na gari la rangi mbili

Ili kuelewa kwa nini tepu hii ilihitajika, ni lazima kwanza tuangalie rangi za magari. Gari la Ford Model T lilianza kuuzwa mwaka 1908, na kuanzia mwaka 1914 hadi mwaka 1925 lilitolewa kwa rangi nyeusi pekee. Rangi hiyo ilikuwa ya bei nafuu na ilidumu. Mteja aliyetaka gari la rangi ya kupendeza alipaswa kwenda kwa watengenezaji wengine, na kazi yao ilichukua muda mrefu kwa sababu rangi za mafuta na vanishi za wakati ule zilikauka polepole, tabaka juu ya tabaka.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kampuni ya DuPont, kwa kushirikiana na General Motors, ilileta rangi ya laka iliyoitwa Duco. Rangi hiyo ilikauka haraka na iliweza kutengenezwa kwa rangi nyingi. Magari ya Oakland ya toleo la mwaka 1924 yalitoka yakiwa ya buluu kwa kutumia rangi hiyo. Mara ikawa fasheni gari kuwa na rangi mbili: rangi moja sehemu ya juu, nyingine sehemu ya chini, na mpaka ulionyooka kati yake.

Mpaka huo ndio uliowatesa mafundi. Ili rangi ya pili isiingie kwenye ya kwanza, walifunika sehemu moja kwa karatasi au magazeti wakiyabandika kwa gundi, au kwa plasta zilizotumika hospitalini kufungia vidonda. Plasta ya hospitali imetengenezwa ishike kwenye ngozi inayotoka jasho. Ilipobanduliwa kwenye gari iliondoka na rangi, na fundi alilazimika kurudia kazi. Msomaji atatambua kwamba hicho ndicho kilichonipata mimi chini ya mwembe, miaka mia moja baadaye.

Kijana wa msasa

Katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota nchini Marekani, palikuwa na kampuni iliyoitwa Minnesota Mining and Manufacturing, ambayo leo inajulikana kama 3M. Ilianzishwa mwaka 1902 kwa lengo la kuchimba madini magumu ya kutengenezea vifaa vya kusugulia. Madini yaliyopatikana hayakuwa yale yaliyotarajiwa, na baada ya miaka ya shida kampuni ikajikita katika kutengeneza msasa. Mwaka 1921 ilianza kuuza msasa unaoweza kutumika ukiwa umelowa maji, na msasa huo uliwafaa sana mafundi wa rangi za magari kwa kuwa ulipunguza vumbi.

Mwaka huohuo wa 1921 kampuni ilimwajiri kijana aitwaye Richard Drew kuwa msaidizi wa maabara. Drew alizaliwa mwaka 1899. Alikuwa ameacha masomo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na alikuwa akipiga banjo katika bendi za dansi. Moja ya kazi zake ilikuwa kupeleka sampuli za msasa kwenye gereji ili zijaribiwe. Mwaka 1923, akiwa katika gereji moja, aliwakuta mafundi wakilaani tepu iliyokuwa imeharibu gari la rangi mbili. Drew hakuwa mtaalamu wa gundi wala wa tepu, lakini aliahidi kuwatafutia suluhisho.

Ilimchukua takriban miaka miwili. Alijaribu mafuta ya mimea, gundi ya maseremala na gliserini. Msimamizi wake, William McKnight, alimwambia aache jambo hilo arudi kwenye msasa, lakini Drew akaendelea. Inasimuliwa katika historia ya kampuni hiyo kwamba aliruhusiwa kuidhinisha manunuzi yasiyozidi dola 100, naye akapata mashine aliyoihitaji kwa kugawa bei yake katika hati nyingi za dola 99 kila moja. Mwaka 1925 alipata tepu ya karatasi yenye mikunjo midogo midogo, iliyopakwa gundi inayoshika kwa kubonyezwa tu na kubanduka bila kuondoka na rangi.

Kuna kisa kimoja kuhusu sampuli za mwanzo. Tepu hizo zilikuwa na gundi kwenye kingo tu, katikati hakuna kitu. Fundi mmoja alipoibandika, ilidondoka kwa uzito wa karatasi. Kwa hasira akamwambia Drew aipeleke kwa mabosi wake wabahili wakaongeze gundi. Neno alilotumia kwa ubahili, Scotch, lilikuwa la utani wenye dharau kwa watu wa Uskoti, na ndilo lililogeuka kuwa jina la biashara la tepu hiyo. Iwe kisa kilitokea hivyo hasa au kimeongezwa chumvi, kinatufundisha jambo muhimu. Plasta ilikuwa imeshika mno, na sampuli hii ilishika kidogo mno. Kazi yote ya Drew ilikuwa kutafuta mahali pa katikati.

Mikunjo ya karatasi nayo ilikuwa na sababu. Mwili wa gari una mapindo, na karatasi iliyonyooka haiwezi kufuata pindo bila kupasuka au kuinuka. Karatasi yenye mikunjo hunyumbulika kidogo inapovutwa. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa swali la mjomba ni hili: maskingi tepu ya kawaida ilibuniwa kwa ajili ya gari kubwa, kwa rangi iliyokwisha kukauka vizuri, na kwa muda mfupi.

Ndugu wa familia moja

Mwaka 1930 Drew na kampuni yake walitoa tepu nyingine, ya selofeni inayopenya mwanga. Huko Uingereza, mwaka 1937, ilianzishwa kampuni ya Sellotape, na jina lake ndilo lililotupa neno la Kiswahili selotepu. Hapa ndipo lugha yetu inapoweza kumpotosha mnunuzi. Watu wengi huita kila kitu kinachonata selotepu: ya kufungia barua, ya umeme, ya makatoni, hata ile ya karatasi. Kwa mtu wa modeli ndogo, tofauti zake ni kubwa.

Tepu ya makatoni imekusudiwa isiachie, kwa hiyo haifai kabisa. Selotepu ya ofisini ina ukingo ulionyooka vizuri, lakini gundi yake haikukusudiwa kutolewa juu ya rangi, na haifuati mapindo. Tepu ya umeme imetengenezwa kwa plastiki laini, nayo hufuata pindo vizuri sana, ndiyo maana baadhi ya mafundi huitumia kwenye kona. Hata hivyo, ukiivuta sana wakati wa kubandika, baadaye hurudi polepole na mstari unahama. Kwa kifupi, kila tepu ina kazi iliyozaliwa nayo, na kuitumia kwa kazi nyingine ni kubahatisha.

Nairobi, Februari 2004

Tepu ya Drew ilifika Afrika Mashariki pamoja na magari na gereji. Mfano mmoja ninaoweza kuueleza vizuri ni wa Kenya. Mwaka 2003 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa kanuni mpya za magari ya abiria, ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004. Matatu zilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, madereva na makondakta wavae sare, na kila gari liwe na mstari wa manjano ubavuni. Wakenya waliziita sheria za Michuki.

Katika vitabu na magazeti, sheria hizo hujadiliwa kwa upande wa usalama barabarani na siasa. Mjomba wangu anazikumbuka kwa upande wa tepu. Wakati huo alikuwa kijana wa kazi katika gereji moja eneo la Grogan, Nairobi, na huko ndiko alikojifunza kupuliza rangi. Anasema kwamba kabla ya tarehe ya mwisho magari yalipanga foleni, kila moja likitaka mstari wake. Nayo hayakuwa magari mapya. Mengi yalikuwa yamepakwa rangi mara tatu au nne, tabaka moja juu ya jingine, mengine yakiwa na kutu chini yake.

"Tepu ni ile ile," aliniambia, "lakini kwa gari hili inatoka vizuri, kwa lile inatoka na ubavu mzima. Ndipo nikajua kosa haliko kwenye tepu peke yake. Liko pia kwenye kile inachoshika."

Aliniambia pia kuhusu jua. Gari lililobandikwa tepu asubuhi na kuachwa juani hadi jioni lilibaki na utando wa gundi, na kuutoa ilibidi wapake mafuta ya taa kwa kitambaa, jambo lililofifisha rangi mpya. Baadaye msimamizi wao aliweka utaratibu: bandika, puliza, vuta kabla ya chai ya saa nne. Ushuhuda huu ni wa mtu mmoja, nami siwezi kudai kwamba unawakilisha gereji zote za Nairobi. Lakini unalingana na jinsi gundi inavyofanya kazi. Gundi ya tepu ni kitu kilicho kati ya kimiminika na yabisi. Ikipata joto hulainika na kuingia katika vitundu vidogo vya rangi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kushika. Kwa nchi kama yetu, saa na kivuli ni sehemu ya uchaguzi wa tepu.

Karatasi kutoka Japani

Wakazi wa Sherikat wanaijua Japani kwa mambo makubwa. Daraja la Uhuru, lenye urefu wa mita 560, lililofunguliwa Mei 2022 na linalouunganisha mji wa Juba na upande wetu wa Gumbo na Sherikat, lilijengwa kwa msaada wa Japani. Toyota tunazopanda zinatoka huko. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba hatua nyingine muhimu katika historia ya tepu ya kupigia rangi ilitokea huko pia.

Mwaka 1923, mwaka uleule ambao Drew alitoa ahadi yake gerejini, kampuni ya Kamoi ilianzishwa Kurashiki, katika mkoa wa Okayama. Ilianza kwa kutengeneza karatasi za kunasia nzi. Karatasi ya kunasia nzi ina kazi moja tu: kushika na kutoachia kamwe. Baadaye kampuni hiyo ilihamia kwenye tepu za kupigia rangi magari na majengo, ambazo kazi yake ni kinyume chake. Ilitumia karatasi ya aina ya washi. Washi ya asili hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za magome ya miti, hasa wa jamii ya mforosadi, na ufundi wa kuitengeneza kwa mkono uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Kutokana na nyuzi hizo ndefu, karatasi huweza kuwa nyembamba na bado isikatike ovyo inapovutwa.

Mwaka 2006 wanawake watatu waliokuwa wakitumia tepu hizo kwa kazi za sanaa waliiandikia kampuni wakiomba kutembelea kiwanda. Kutokana na mawasiliano hayo kampuni ikaanza kutengeneza tepu za rangi nyingi za mapambo, ambazo sasa zinauzwa duniani kote. Kwa mara nyingine tena, kama ilivyokuwa St. Paul, mtumiaji ndiye aliyekionyesha kiwanda njia.

Kwa upande wa modeli ndogo, kampuni inayojulikana zaidi ni Tamiya ya mji wa Shizuoka. Ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikatengeneza modeli za mbao, kisha ikaingia katika modeli za plastiki mwaka 1960. Tepu yake ya manjano ya kupigia rangi huuzwa katika upana wa milimita 6, 10 na 18, kati ya vipimo vingine. Upana huo peke yake unaonyesha kwamba imekusudiwa kwa vitu vidogo. Sababu nyingine ni wembamba wake, na hapa hesabu kidogo itatusaidia.

Modeli yangu ni ya kipimo cha 1 kwa 24. Lori lenye upana wa mita 2.4 linakuwa sentimita 10. Mstari mwekundu, ambao mama alisema ulikuwa na upana wa kiganja, yaani karibu sentimita 10, unakuwa milimita 4 hivi. Sasa tuseme rangi imejikusanya kwenye ukingo wa tepu nene na kuacha tuta la unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye ubavu wa gari halisi hakuna atakayeliona. Kwenye modeli yangu ni sawa na tuta la milimita 2.4 kwenye lori lenyewe. Jicho huliona mara moja. Vivyo hivyo mikunjo ya karatasi ya Drew, iliyokuwa msaada kwenye gari, inakuwa tatizo kwenye modeli, kwa sababu rangi hupenya chini ya kila mkunjo na mstari unatoka na meno kama msumeno.

Kuchagua tepu Sherikat

Jina Sherikat ni neno la Kiarabu lenye maana ya makampuni, nalo lina mzizi mmoja na neno letu shirika. Bidhaa nyingi za madukani hapa hupitia Nimule kutoka Uganda. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi niliyotembelea nilikuta maskingi tepu za upana mmoja au miwili, zilizokusudiwa kuta na magari. Tepu nyembamba ya modeli sikuikuta. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wa hapa ni hili: kati ya zilizopo, nichague ipi, na niifanyeje ifae?

Jambo la kwanza ni kuitazama. Tepu ambayo mikunjo yake inaonekana waziwazi iachwe kwa kufunikia sehemu kubwa zilizo mbali na mpaka. Ile ambayo karatasi yake ni laini zaidi na inakaribia kuonyesha kidole upande wa pili ndiyo ya kuweka mpakani. Jambo la pili ni umri wake. Tepu iliyokaa dirishani kwa duka ikipigwa na jua huwa na gundi iliyoanza kuharibika. Nilijifunza kuibandika kwenye kioo na kuivuta: ikiacha alama, siinunui.

Jambo la tatu ni kuijaribu nguvu. Bandika kipande kwenye bati lingine lililopakwa rangi ileile siku ileile. Kikitoka na rangi, kipunguze nguvu kwa kukibandika na kukibandua mara kadhaa juu ya nguo safi ya pamba au ngozi ya mkono wako. Hii ndiyo njia rahisi ya kurudi kwenye lile alilolitafuta Drew kwa miaka miwili.

Jambo la nne ni ukingo. Ukingo wa tepu hukusanya vumbi na kuchubuka unapobebwa. Bandika tepu juu ya kioo, weka rula ya chuma, kisha kata kwa wembe mpya. Unapata ukingo safi, na unapata upana wowote unaoutaka, hata milimita 4. Kwa njia hii tepu pana ya ukuta inaweza kuwa tepu ya modeli.

Jambo la tano, ambalo mjomba alisisitiza kuliko yote, ni kile kilicho chini. Bati nililotumia halikusuguliwa kwa msasa wala kupakwa praima. Rangi yangu ilikuwa imelala tu juu ya bati linaloteleza. Hata tepu bora ya Japani ingeibandua. Baada ya rangi ya kwanza kukauka kabisa, bandika tepu, bonyeza ukingo kwa kucha, kisha pitisha rangi ileile ya chini, au vanishi isiyo na rangi, kwenye ukingo. Itaziba vitundu vilivyobaki, na rangi ya pili haitapata pa kupenya. Mwisho, vuta tepu ukiwa kivulini, polepole, ukiikunja irudi nyuma juu yake yenyewe badala ya kuinyanyua wima.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba maskingi tepu ilitokana na tatizo la mafundi waliopaka magari ya rangi mbili katika miaka ya 1920, kwamba Richard Drew alilitatua mwaka 1925 kwa kutafuta gundi inayoshika kwa kiasi, na kwamba Wajapani waliipeleka mbele kwa karatasi nyembamba iliyofaa kazi ndogo. Aidha, imeonyesha kwamba ujuzi wa kuitumia haukubaki viwandani. Fundi wa Grogan aliyepiga mistari ya manjano mwaka 2004 aligundua mambo kuhusu jua na rangi kuukuu ambayo hayakuandikwa kwenye kasha. Mafundi kama hao wako katika kila gereji kuanzia Sherikat hadi Nimule, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna lugha ya kuzungumza nao. Ninapendekeza tuanze kuandika wanayoyajua kabla hawajastaafu.

Kuhusu modeli, nilisugua bati lote, nikapaka praima, nikaanza upya. Rangi ya buluu iliyobaki ilitosha upande mmoja tu wa kichwa cha lori. Upande wa pili niliuchanganyia nyingine, inayokaribiana nayo. Mstari mwekundu ulitoka umenyooka pande zote mbili. Mjomba alipouona alisema anavyokumbuka yeye, mstari wa lori la shemeji yake ulikuwa wa rangi ya machungwa. Mama alimkatalia, wakabishana hadi chakula kikapoa. Sina chanzo cha tatu cha kuwaamua. Nimeuacha mwekundu, na modeli ipo juu ya kabati la mama, upande wenye buluu aliyoikubali ukitazama mlango.